Nira Haigawanyiki

Simiyu mwanangu,

Nimesimama jikoni nikakuona dirishani ukipima nyuma ya pikapu kwa futi. Umepima urefu, ukapima upana, ukakuna kichwa, ukapima tena kutoka pembe hadi pembe. Nilipokuuliza unapima nini, ukasema godoro. Wewe kijana! Chuo chako cha Houston kinakupa kitanda na godoro lake, tuliviona pamoja siku ile tulipoenda kutembezwa. Na tangu uzaliwe hujawahi kupima kitu, hata unga wa ugali unamimina kwa macho. Basi nikakutuma ukanunue mkaa wa nyama ya leo jioni, nami nikavuta kiti hapa mezani niandike kabla hujarudi.

Habari za kula, kufua na kwenda kanisani sitaandika. Hayo nimekuambia mpaka ukaanza kuyamalizia sentensi kabla yangu. Nitakuandikia habari za nira, kwa sababu Jumapili iliyopita uliniuliza, mdomo umejaa chapati, "Mum, that log thing nilikuwa nakalia kwa ile apartment ya zamani, ilikuwa heavy?" Nikakujibu kwamba sikumbuki. Nilikudanganya, mwanangu. Nakumbuka uzito wake, harufu ya rangi yake, na mahali ilipokwaruza sakafu.

Hadithi yake hapa Texas kila mtu anaijua, kwa hiyo nawe unaijua, lakini vumilia. Mkulima mmoja wa pamba alikuwa na wana wawili. Mmoja alisoma chuo hiki cha huku kwetu kaskazini, mwingine akasoma kile cha Houston. Baba yao alipokufa waligawana ardhi, wakagawana nyumbu, wakagawana hadi sufuria. Ikabaki nira ya ng'ombe, na nira haigawanyiki. Ukiikata katikati huna nira, una kuni mbili. Ikawa huyu anaiiba ghalani kwa huyu, na huyu anakuja kuiiba tena, hadi mama yao akachoka nao. Akaitoa kwa vile vyuo viwili: atakayeshinda mpirani akae nayo mpaka mwaka ufuatao. Tangu hapo wa kaskazini wakishinda wanaipaka manjano, wa Houston wakishinda wanaipaka nyeusi, na kila mshindi anapigilia msumari wa shaba upande wake. Rangi imepandana juu ya rangi hata mbao yenyewe haionekani.

Ni hadithi tamu. Mama mmoja Mweusi niliyefanya naye kazi wodini, mzaliwa wa hapa hapa Dallas, alinisikia nikiisimulia kwa furaha akacheka kidogo. Aliniambia babu zake ndio waliolima mashamba ya pamba ya aina hiyo, na kwamba katika hadithi ile amewatafuta miaka yote hajawaona. Mimi nilidhani ana uchungu wake tu wa zamani, nikabadilisha mazungumzo. Laiti ningekaa nikamsikiliza.

Unajua pia ile desturi ya wizi. Wiki ya mechi, chuo kilichoshindwa kinaruhusiwa, kwa namna ya kusema, kwenda kuiiba nira kwa wenzao. Ikikimbizwa kwenye barabara ya 45 ikavuka Centerville, mji ulio katikati ya njia, kabla ya kukamatwa, basi walioiiba wanakaa nayo hadi siku ya mechi, na wanaingia nayo uwanjani watu wakishangilia. Magazeti yanaandika, wazee waliosoma huko wanakumbushana ujana wao. Hakuna aliyewahi kuniambia ruhusa hiyo imeandikwa wapi. Ni ruhusa iliyomo vichwani mwa watu, na watu wenyewe ndio wanaoamua inamhusu nani.

Sasa nikueleze mimi niliingiaje.

Nilifika Texas wewe ukiwa na miaka mitatu, mimi na kazi yangu ya uuguzi, karatasi zetu wawili zikiwa sawa. Wodini nilikuwa sina la kusema. Wenzangu walizungumza mpira kuanzia Agosti hadi Krismasi, na mimi nilitabasamu tu kama picha ya ukutani. Halafu khocha wako Wanjala, ndugu yangu wa mwisho, akaja kwa viza ya mwanafunzi, akaingia chuo cha kaskazini kusomea uhandisi, akahamia kwetu pale Carrollton. Basi! Nikawa na timu. Nikanunua fulana ya manjano. Jumatatu nikiingia kazini watu waliniita, "Hey, your boys won!" Na mimi moyo ukajaa. Vijana wangu! Mimi mtoto wa Bungoma, niliyekuwa nikienda shamba pekupeku kumwelekezea baba ng'ombe wa kulima, sasa nina vijana wanaoshinda Texas.

Na nira, Simiyu, nira niliijua. Hilo ndilo lililonimaliza. Katika mambo yote ya nchi hii, lile nililijua kuliko wao. Baba alilima kwa ng'ombe mpaka nilipoolewa. Wanjala alianza kuwafunga nira akiwa darasa la nne. Alipoiona nira yao mara ya kwanza ndani ya kabati la kioo alinipigia simu akicheka kwa sauti. "Dada, hawa watu wameifunga vitanzi upande mbaya! Ng'ombe angekufa hapa!" Alipowaambia wanafunzi wenzake kwamba kwao nira ni chombo cha kazi, wakamzunguka, wakamuuliza maswali, wakamfanya mtu wao. Nikamwambia jichanganye nao, usikae peke yako kwenye kona na vitabu. Maneno hayo nilimwambia mimi, wala si mara moja.

Basi mwaka ule nira ilikuwa Houston. Vijana watatu wa chuoni kwake, wazungu, watoto wazuri wenye adabu, wakapanga kwenda kuichukua. Walihitaji gari lisilojulikana na mtu anayejua kubeba mzigo wa aina ile. Gari lilikuwa langu, ile van ya kijivu iliyokuwa na kiti chako nyuma. Mtu alikuwa Wanjala. Alinipa habari akiwa amesimama mlangoni, funguo tayari mkononi, na mimi nikamfungia chapati kwenye foili, zikiwatosha wote wanne.

Walirudi alfajiri wakicheka hadi machozi. Walikuwa wamepita mlango wa pembeni, wakafungua kabati, na Wanjala akachomoa pini, akaivua vitanzi, akaibeba begani jinsi baba alivyotufundisha, wale watatu wakimfuata nyuma. Wakaiweka sebuleni kwetu, kwa sababu nani angetafuta nira ya Texas nyumbani kwa muuguzi Mkenya? Siku zile ulikuwa na miaka sita. Uliipanda kama farasi tangu asubuhi, ukila juu yake, ukitazama katuni juu yake. Nilikupiga picha, nikamtumia babu yako.

Babu yako akapiga simu saa ile ile. Unajua hakuwa mtu wa maneno. Hakuniuliza habari za kazi wala za baridi.

"Nafula, hiyo nira ni ya nani?"

"Ni mchezo, Baba. Vijana wanaibiana, ni desturi yao."

"Desturi ya akina nani?"

"Ya hapa."

"Mtoto ashuke hapo," akasema. "Nira haikaliwi." Nikacheka, nikamwambia Marekani hakuna miiko. Nikakuacha ukaendelea kuikalia.

Siku ya nne, natoka zamu, nikamkuta afisa wa polisi mlangoni. Alikuwa kijana, kofia mkononi, mpole. Akaniuliza kama van ya kijivu ni yangu. Sasa usikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Mimi nilifurahi. Nilidhani ni sehemu ya mchezo! Nilidhani wametumwa watutafute, na tumepatikana, na sasa watu watacheka. Nikafungua mlango mpana, nikamwonyesha nira na wewe juu yake na bakuli lako la uji, nikasema, "You found us!" Nikamkaribisha chai. Akaniuliza nani aliyeileta, nami nikamjibu kwa majivuno, jina la kwanza na la ubatizo na la ukoo, nikamtajia na herufi moja moja asije akakosea, ndugu yangu, ndiye peke yake aliyejua kuibeba. Akauliza wengine. Wengine nilikuwa nawajua kwa jina la utani tu: yule mrefu, yule wa miwani, yule anayependa pilipili. Kwenye kitabu chake likaandikwa jina moja.

Alikunywa chai. Alishukuru. Alipomaliza akasema kwa upole kwamba angetaka kuzungumza na ndugu yangu, na hapo ndipo nilipoutazama uso wake nikaona kwamba tangu aingie hakuwa amecheka hata mara moja.

Wale watatu baadaye walijitokeza wenyewe, siwezi kuwasingizia. Baba zao walikuja na mawakili. Chuo kikawapa wote wanne adhabu moja, sawasawa kabisa, hakuna aliyeonewa: kusimamishwa masomo muhula mmoja na kuokota takataka uwanjani. Yule mrefu alienda kukaa kwa wazazi wake hapo Plano akalala mpaka Januari. Lakini mwanafunzi wa viza akisimamishwa masomo, viza haina tena mguu wa kusimamia. Wanjala alipewa muda wa kufunga mizigo. Wale watatu walilia, kweli walilia, walisema hawakujua. Na mimi nikawaamini, kwa sababu hata mimi sikujua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na mimi niliyekuwa na kamba hiyo hiyo mguuni nilikuwa nimesahau kutazama chini.

Tulimpeleka uwanja wa ndege wiki moja baada ya mechi. Ulikuwa unalia unataka farasi wako. Nira ilikuwa imesharudi uwanjani. Kaskazini walishinda, msumari ukapigiliwa, na mtangazaji akataja ule wizi kidogo akicheka, kisha akaingia habari ya hali ya hewa.

Wewe umekua ukiambiwa khocha alirudi kumuuguza babu. Babu hakuwa mgonjwa wakati huo, Simiyu. Aliugua baadaye.

Kuna jambo lingine, nalo linauma kwa sababu linakuhusu wewe na halijaisha. Tulipotimiza miaka ya kuomba uraia, nilichukua ile fomu, nikafika penye maswali ya polisi, mkono ukakataa. Nilimwona yule afisa na kikombe chake. Nikasema jina langu liko kwenye kitabu fulani, nikijipeleka mwenyewe watalifungua. Nikaahirisha. Mwaka ukaisha nikaahirisha tena. Watu wa kanisani waliponiuliza nikasema niko busy, na wewe ukakua, ukaota ndevu, na mwezi wa tatu ukatimiza kumi na nane. Mwezi uliopita ndipo nilipokwenda kwa wakili. Akanitazama kwa huruma. Akasema kumnywesha polisi chai mlangoni si kukamatwa, swali lile halikunihusu hata kidogo. Akasema pia kwamba kama ningekuwa raia kabla hujatimiza kumi na nane, nawe ungekuwa raia pamoja nami, bila hata kuomba. Nilitoka nikakaa ndani ya gari, nikashindwa kuwasha injini.

Kwa hiyo unakwenda Houston na green card peke yake. Fomu yangu ya uraia nimeshaipeleka, yako itabidi uombe mwenyewe, na watakapoifungua watakuuliza umefanya nini na uko wapi na uko na nani. Mtu wa green card akipatikana na kosa la kuvunja mlango na kuchukua kitu cha watu, Simiyu, hawaulizi kama watu walikuwa wanashangilia. Nilikupotezea ngao kwa kuogopa kivuli, na majuto, kama tujuavyo, ni mjukuu. Huyu wangu ameshakuja, amekaa.

Nami nimeona mengine. Sikusema Jumapili hiyo kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu wa sendoff yako, Mchungaji akiomba, akina mama wakipakua pilau. Nilitoka gereji kuchukua soda nikakukuta na Espoir, mtoto wa yule mama Mkongomani wa Vickery Meadow, yeye aliyekutangulia mwaka mmoja Houston. Mlikuwa mmeegemea pikapu. Mwaka huu nira iko huku kaskazini, na ninyi wa Houston mnaitaka, na wewe umekulia mwendo mfupi kutoka kwenye mlango wake.

"Uko na camionnette, na unajua ile place," Espoir alikuwa anakuambia. "Bale ba Texas bote banasema Simi ndio mutu wetu."

Mliponiona mkasimama wima. Nikauliza mnazungumza nini.

"Mama, ni jeu tu, muchezo," Espoir akasema, kwa adabu kabisa, akipokea soda kwa mikono miwili. "Batu banafanyaka vile kila mwaka."

Na wewe ukacheka, ukaniweka mkono begani. "Relax, Mum. It's tradition. Hata news huwa wanai-cover."

Ulikuwa na furaha, mwanangu. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Sikuwa nimekuona na furaha ya namna ile tangu ulipoanza shule hapa ukawa unarudi na chakula chako hujakigusa kwa sababu watoto wanakicheka. Sasa wamekuita mtu wao. Naijua furaha hiyo. Niliivaa kama fulana ya manjano, na nilipoambiwa niivue nilikuwa nimeshamvisha mwingine.

Tangu Jumapili sina amani. Pikapu ikiwa imeegeshwa pale nje naiona ile van. Jana nilipokuwa napiga pasi mashati yako nilijikuta nimesimama mahali pale pale sebuleni ambapo ingekaa, ingawa hata nyumba si ile. Sauti ya babu yako inanijia nikiosha vyombo: mtoto ashuke hapo. Sijui kuota ndoto za maana kama akina mama wa maombi. Ninajua tu jinsi jambo hili linavyoanza, na linaanza kwa kicheko, na linaanza na mtu mmoja mwenye gari.

Sikuzuii kuupenda mpira. Nenda uwanjani, jipake nyeusi usoni, piga kelele mpaka sauti ikauke. Siku ya mechi nitavaa manjano na nitawatukana nyote kupitia simu. Wakishinda wenzako ubebe nira na wenzako, uwanjani, mchana, mbele ya kila mtu, na unipigie picha. Na Espoir usimwache. Mtoto yule hajui kwamba nira ni ya shingo mbili, na kwamba wanaowaambia ninyi ni watu wao hawana nia ya kuingiza zao. Labda hawana nia mbaya pia. Wale watatu hawakuwa na nia mbaya.

Ufunguo wa pikapu sikuuficha. Nilifikiria, nikautia mfukoni mwa aproni, nikautoa. Nikauacha mahali pake karibu na jokofu, na leo umeuchukua mwenyewe kwenda kununua mkaa. Una miaka kumi na minane, na nikikunyang'anya leo utapata gari lingine kesho, na mimi nitakuwa tu mama aliyekunyima gari. Futi nimeirudisha kwenye sanduku la vifaa. Ukiitafuta utajua nimeona.

Ninakuomba kitu kimoja.

Khocha wako yuko Bungoma kama ujuavyo, ana duka lake la mbolea na misumari, ana mke na watoto, hajambo. Digrii hakuimaliza kokote. Tangu aondoke hajawahi kuniuliza habari za Texas, si kazi yangu, si baridi, si wale vijana watatu, ambao mmoja bado humtumia salamu za Krismasi. Lakini kila mwaka, mechi ikiisha, huku ikiwa bado Jumamosi usiku na kwao ni Jumapili watu wanavaa kwenda kanisani, simu yangu hulia. Hasalimii. Ananiuliza, "Dada, mwaka huu nira iko kwa nani?" Namwambia. Anasema haya, asante, anakata.

Basi siku hiyo watakapokuambia twende, ukiwa umekaa kwenye usukani na Espoir yuko kando yako na wengine wako nyuma wanacheka, kabla hujawasha gari, mpigie khocha wako. Usiogope kumwamsha. Atakapokuuliza nira iko kwa nani, mwambie ni wewe unayekwenda kuichukua. Halafu usiseme kitu kingine. Shika simu sikioni, umsikilize, hata kama hasemi, mpaka yeye akate.

Nasikia pikapu inaingia. Umesahau viberiti, nina hakika.

Mama yako,
Nafula